Mlo wa Buhaya na Udongo Uliotengenezwa kwa Mikono

Ukimuuliza mtu wa Maruku au Kamachumu chakula cha asili cha kwao ni kipi, hatasita kukujibu: ndizi na maharage. Ndizi humenywa, hupikwa chungu kimoja na maharage, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na zikishaiva hupakuliwa juu ya jani lililotandikwa sakafuni. Jibu hilo ni la kweli na sina ugomvi nalo. Lakini katika chungu hicho hakuna hata mmea mmoja uliochipuka kwa mara ya kwanza katika Buhaya, nchi ya Wahaya iliyo magharibi ya Ziwa Victoria. Mgomba asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia na kisiwa cha New Guinea. Maharage yametoka Amerika, yakavuka Bahari ya Atlantiki baada ya Wareno na Wahispania kufika huko. Mbuni wa robusta, ambao ndio mzaliwa wa kweli wa misitu ya magharibi ya Ziwa Victoria, Wahaya walikaa nao karne nyingi bila kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Walizitafuna buni zake.

Mlo huu naupenda na nimeula maisha yangu yote, na kwa maoni yangu heshima yake iko papo hapo. Watu waliokaa katika ardhi maskini walipokea mimea ya kigeni, wakaitengenezea udongo wa kuishi, na kazi hiyo ikarudiwa na kila kizazi mpaka mgeni akawa mwenyeji. Historia ya chakula cha Bukoba na Muleba ni historia ya kazi hiyo.

Nimesema ardhi maskini, na najua msafiri anayepita barabara ya Muleba kwenda Bukoba ataona nimekosea. Kulia na kushoto ni kijani kitupu. Mvua za ukanda wa ziwani ni nyingi mno. Mji wa Bukoba hupata wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kiasi ambacho sehemu kubwa ya Tanzania haikijui. Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo iliyoifilisi ardhi. Miamba ya pale ni ya mchanga, na maji yanayoshuka mwaka hadi mwaka huchukua virutubisho na kuvizamisha chini, mbali na mizizi. Toka nje ya migomba utembee mita mia moja uingie rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio baina ya vijiji. Nyasi za pale ni ngumu, udongo ni mwembamba na wenye uchachu. Rudi sasa kwenye kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, uchimbe kwa mkono. Utakuta udongo mweusi, mzito, wenye minyoo na unyevu. Mwamba ulio chini ya rweya na ulio chini ya kibanja ni mmoja. Kilichotofautisha ni binadamu.

Kwa vizazi vingi nyasi zilikatwa rweya zikaletwa nyumbani. Zilitandikwa sakafuni ndani ya msonge, watu wakalala na kukaa juu yake, na zilipochakaa zikatupwa kwenye migomba. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikaishia kwenye mashina. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, makapi ya pombe, majani makavu na magogo ya migomba iliyokwisha kuvunwa, vyote vilirudi pale pale. Kwa maneno mengine, rutuba ya eneo kubwa la nyasi ilibebwa kichwani na kwenye matumbo ya ng'ombe, ikakusanywa katika kipande kidogo cha ardhi. Wataalamu wa udongo waliochunguza vibanja vya Bukoba wamelieleza jambo hili kwa vipimo vyao. Wazee walilijua bila vipimo, ndiyo maana walisema mtu asiye na ng'ombe hana kibanja cha kujivunia.

Kabla ya nyasi kulikuwa na misitu. Hapa simulizi la chakula linakutana na simulizi la chuma. Katika kijiji cha Katuruka, karibu na Maruku, mwanaakiolojia Peter Schmidt wa Marekani aliongozwa na wazee waliokuwa wakisimulia habari za Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe na mti ulioaminika kuhusiana na ufuaji wa chuma. Alichimba pale, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, na dunia ikajua kwamba wahunzi wa Buhaya walikuwa mafundi wa hali ya juu katika zama za kale sana. Chuma hutaka makaa, na makaa hutaka miti. Misitu ya ukanda wa ziwa ilikatwa kwa ajili ya tanuri na mashamba, na nyasi zikachukua nafasi yake. Wakulima waliokuja kuotesha migomba baadaye waliikuta nchi iliyokwisha kuchoshwa. Ndiyo waliyoifufua.

Mgomba uliingia Afrika kwa njia ya Bahari ya Hindi. Mwanahistoria David Schoenbrun, aliyelinganisha lugha za eneo la Maziwa Makuu, anaweka ukuaji mkubwa wa kilimo cha migomba katika eneo hili kati ya miaka ya 800 na 1500. Kabla ya hapo ulezi na mtama vilikuwa na nafasi kubwa zaidi, na mpaka leo mtama haujafukuzwa kabisa. Nitaueleza tutakapofika kwenye pombe.

Mgomba wa kupika hauna mbegu. Hauwezi kupeperushwa na upepo wala kusambazwa na ndege. Ili utoke kijiji kimoja ufike kingine ni lazima mtu achimbe chipukizi, alibebe begani, alipande. Kwa hiyo kila mgomba unaouona Muleba ulipandwa na mkono wa mtu, na chipukizi lake lilitoka kwenye mgomba uliopandwa na mkono wa mtu mwingine, kurudi nyuma mpaka mwanzo kabisa. Wakulima walipoona shina limebadilika kidogo, mkungu umenenepa au ndizi zimekuwa laini zaidi, walilitenga wakalipa jina. Ndivyo zilivyozaliwa Nshakala, Enyoya, Entobe, Embwailuma na nyingine nyingi. Kuna za kupika, kuna embile za pombe, kuna enkonjwa za kuchoma. Mama wa Kihaya hutofautisha aina hizi kwa kutazama rangi ya shina na namna mkungu unavyoinama, wala hahitaji kuonja.

Mwaka 2016 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya ndizi za kupika za nyanda za Afrika Mashariki, ambazo zina aina nyingi kwa majina, walitoa habari ya kushangaza: karibu zote zinaonekana kutoka katika mzazi mmoja. Aina zote hizo tunazoziita tofauti ni watoto wa mama mmoja aliyegawanywa chipukizi kwa chipukizi. Tofauti zao ni mabadiliko madogo yaliyotokea shambani na kuhifadhiwa na macho makini ya wakulima. Ni sifa kubwa kwa wakulima hao, na ni hatari kubwa vilevile, kwa sababu ugonjwa unaompata mmoja unaweza kuwapata wote.

Jambo jingine linalowashangaza wageni kutoka mikoa ya nafaka ni kwamba Buhaya haikujulikana kwa maghala. Msukuma anajua mwezi wa kuvuna na mwezi wa njaa. Hujaza ghala, hulinda panya, huhesabu debe. Mhaya aliingia kibanjani mwezi wowote akakuta mkungu uliokomaa. Shamba lilikuwa ghala. Hili liliunda hata siasa. Pale ambapo nafaka haikusanywi, mtawala hawezi kuchukua magunia. Anachukua ardhi na watu. Abakama, yaani wafalme, wa Kiziba, Kyamtwara, Kianja na Ihangiro waliwapa wakubwa wao vibanja vyenye wapangaji ndani yake, utaratibu ulioitwa nyarubanja, na mpangaji alitoa sehemu ya mazao yake na ya pombe yake. Utaratibu huo ulileta manung'uniko mengi mpaka ulipofutwa kisheria baada ya Uhuru. Na kwa kuwa wazee walizikwa kibanjani, kuuza kibanja kulikuwa sawa na kuuza makaburi ya babu zako. Mpaka leo ndugu hugombana mahakamani miaka na miaka kwa ajili ya vishina vichache vya migomba, na asiyejua historia hii hudhani ni ulafi.

Ndizi peke yake hainenepeshi mtoto. Ina wanga mwingi na protini kidogo, na hapa ndipo wanawake walipoiokoa Buhaya. Maharage yalipokuwa bado hayajaingia, mboga ya nguvu ilikuwa njugu mawe. Mwanamume alikuwa bwana wa migomba na mibuni. Mwanamke alikwenda rweya, kwenye udongo ule ule maskini, akafyeka nyasi, akazirundika na kuzichoma, akapanda njugu mawe na viazi vikuu. Shamba hilo liliitwa omusiri. Baada ya kuvuna aliliacha lipumzike miaka kadhaa. Njugu mawe huvumilia ardhi ambayo mazao mengine huikimbia, kwa hiyo chaguo lilikuwa la akili sana. Maharage yalipofika yalikubali kukaa kivulini chini ya migomba, ndani ya kibanja chenyewe, yakaiva kwa miezi michache, na taratibu yakachukua kiti cha njugu mawe ndani ya chungu. Viazi vitamu na muhogo, navyo vya Amerika, vikafuata. Omusiri haukufa, lakini vijana wengi wa leo hawajawahi kula ndizi kwa njugu mawe, na nadhani wamenyimwa kitu kitamu.

Nije kwenye pombe. Rubisi hutengenezwa kwa embile zilizoivishwa, ama shimoni lenye majani ya mgomba na moto wa kiasi, ama juu ya uchaga wa jikoni. Zikishaiva humenywa na kumwagwa ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, kisha wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na nyasi, ambazo huisaidia juisi kujitenga na makapi. Juisi hiyo, omuramba, ni tamu na watoto huigombania. Huchujwa, huongezwa maji, kisha hunyunyiziwa unga wa mtama uliokaangwa, na hufunikwa ichachuke mpaka kesho yake. Hapo ndipo mtama wa zamani ulipojihifadhi: ulipoondolewa kwenye sahani ulihamia kwenye kibuyu. Rubisi ilikuwa ya arusi, ya matanga, ya kuamulia kesi na ya kuwakumbuka waliotangulia, na kibuyu cha Mukama kilitengwa kabla mwenye pombe hajaonja.

Sasa kahawa. Buni za robusta zilichumwa zikiwa mbichi bado, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha zikaanikwa mpaka zikauka na maganda yake. Hiyo ndiyo akamwani. Mgeni akifika, kabla ya habari zozote, huletewa akamwani kwenye kikapu kidogo au mkononi, naye huchukua punje chache akazitafuna polepole. Kukataa ni kumtilia mwenyeji shaka. Wasafiri wa masafa marefu walizibeba, kwa sababu huondoa uchovu na kuituliza njaa. Kwa mapokeo, mibuni ilikuwa chini ya ulinzi wa Abakama, na mtu wa kawaida hakupanda kama alivyotaka. Buni hizo zilifanyiwa biashara na nchi jirani, Buganda na kwingineko, muda mrefu kabla mzungu wa kwanza hajaliona ziwa.

Na kulikuwa na matumizi mazito zaidi. Tunda moja la mbuni hubeba punje mbili zilizokumbatiana ndani ya ganda moja. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa damu, yaani kufanya omukago, walichanjwa karibu na kitovu, wakaigawana buni hiyo, kila mmoja akaipaka punje yake damu na kumpa mwenzake aimeze. Tangu siku hiyo walikuwa ndugu kwa maisha, pamoja na watoto wao. Sijui zao jingine la biashara duniani ambalo liliwahi kubeba ahadi nzito kiasi hicho. Leo tunaiuza kahawa kwa kilo na kulalamikia bei, na ni haki yetu kulalamika, lakini inafaa tujue kile kilichokuwa mikononi mwa babu zetu.

Wazungu wa kwanza kuandika habari za pande hizi walikuja, pamoja na mambo mengine, na njaa zao. John Hanning Speke alifika Karagwe, magharibi ya Buhaya, mwezi Novemba 1861, akakaribishwa na Mukama Rumanyika. Kilichomshangaza kuliko vyote kilikuwa chakula cha wanawake wa jumba la kifalme: maziwa matupu, vibuyu kwa vibuyu, mpaka walinenepa wasiweze kusimama wenyewe. Speke alichukua utepe akampima mmoja wao, shemeji wa mfalme, akaandika vipimo hivyo kitabuni. Alidhani ameona kituko. Kumbe alikuwa ameona ngazi za jamii zilizoandikwa kwa chakula: wenye ng'ombe na utawala walijitambulisha kwa maziwa, wakulima kwa ndizi, na unene wa mke ulikuwa ushahidi wa wingi wa mifugo.

Kisa cha Bumbire ni cha huzuni zaidi. Kisiwa hicho leo kiko wilaya ya Muleba. Mwezi Aprili 1875 Henry Morton Stanley alikuwa akilizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, akiwa na watu wenye njaa. Alikwenda Bumbire kutafuta chakula cha kununua. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu, wakachukua makasia, yakatokea mabishano. Stanley na watu wake waliisukuma mashua majini, wakafyatua risasi, wakakimbia. Angeweza kuliacha hapo. Mwezi Agosti mwaka huo huo alirudi akiwa na mitumbwi mingi na bunduki, akasimama mbali ambako mishale haikufika, akawapiga risasi watu waliokuwa ufukweni. Barua zake mwenyewe, zilizochapishwa magazetini, zilizusha ghadhabu hata Uingereza. Safari iliyoanza kwa kutafuta ndizi na samaki iliisha kwa mauaji, na nadhani kila mtoto anayesoma shule Muleba anapaswa kukijua kisa hiki pamoja na majina ya wagunduzi anayokaririshwa.

Mwezi Novemba 1890 Emin Pasha, akiitumikia Ujerumani, aliweka kituo Bukoba, na mji ukaanzia hapo. Miaka hiyo hiyo tauni ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki ikaangamiza mifugo. Kwa Buhaya msiba huo ulikuwa wa nyama na maziwa, lakini pigo lake la ndani lilikuwa samadi. Vibanja vilivyotegemea mazizi viliachwa bila chakula, na migomba haikusahau. Juu ya jeraha hilo utawala wa kikoloni ukaleta kodi ya fedha na hamu ya mazao ya kuuza nje. Buni iliyokuwa ya mgeni na ya Mukama ikawa ya soko. Ikapandwa katikati ya migomba, ikagawana nayo samadi ile ile iliyopungua. Bei zilipopanda, hasa miaka ya 1920, nyumba za bati zikatokea, baiskeli zikatokea, watoto wakapelekwa shule, na sukari, majani ya chai na mchele vikaingia jikoni.

Wakulima hawakukubali kila waliloambiwa. Klemens Kiiza na wenzake waliunda chama cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1937 Bukoba ilichafuka kwa upinzani dhidi ya kanuni za serikali zilizomwamuru mkulima namna ya kuitunza mibuni yake. Mwaka 1950 chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Cooperative Union, kikaandikishwa, na miaka ya 1960 mji ukapata kiwanda cha kahawa ya unga, Tanica, ambacho jina lake linajulikana nchi nzima. Hata hivyo, ingia nyumba nyingi za Bukoba asubuhi utakachopewa ni chai.

Kisa cha mwaka 1953 nakitia mahali pa juu kuliko vyote, kwa sababu kinaonyesha mgomba ulivyo na nguvu. Fukusi wa migomba walikuwa wameenea, na serikali ya Waingereza ikatoa kanuni: mashina ya zamani yachimbuliwe, yakatwekatwe, mashamba yasafishwe kwa namna iliyoagizwa. Wakaguzi wakaingia vibanjani. Fukusi walikuwa wa kweli na hasara ilikuwa ya kweli. Lakini mtu mgeni kuingia kibanja cha mtu na kugusa migomba yake, pale walipolala wazee wake, lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulikubali. Kamachumu, ambayo leo ni ya Muleba, watu walikusanyika kumsikiliza Ali Migeyo, mwanasiasa aliyezunguka vijijini akiunganisha manung'uniko hayo na madai ya haki. Polisi walitawanya mkutano kwa mabomu ya machozi, Migeyo akafungwa. Maisha yake yaliandikwa na George Mutahaba na kuchapishwa mwaka 1969. Tunapohesabu walioianza safari ya Uhuru, tuwahesabu na wakulima wa Kamachumu waliosimama kwa ajili ya migomba yao.

Kuna chakula kimoja ambacho hakikuhitaji kibanja wala serikali. Mvua za Novemba na Desemba zikishika, na mara nyingine tena Aprili na Mei, senene, wadudu wa jamii ya panzi, hushuka usiku kwa makundi, wa kijani na wa kahawia, na alfajiri watu huamkia rweya kuwaokota kwenye nyasi zenye umande. Siku hizi hutegwa kwa taa kali na mabati yanayoelekea kwenye mapipa. Huondolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Wana protini na mafuta mengi, wala hawana gharama ya malisho. Padre P. O. Mors, mmisionari, aliandika makala nzima juu ya senene kama chakula cha Buhaya mwaka 1958. Mtu wa Dar es Salaam anayekunja uso akiwaona senene anakula kamba wa baharini bila kusita, na wote wawili wana miguu mingi.

Miiko nayo ilitawala sahani. Kila ukoo una omuziro wake, kiumbe usiyemla. Wapo ambao kamongo kwao haguswi. Na kulikuwa na miiko iliyowabana wanawake tu: kuku na mayai havikuwa vyao, ingawa wao ndio waliowafuga na kuwapika. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi. Matokeo yake yalikuwa mamoja: aliyebeba mimba na kunyonyesha alinyimwa chakula bora kabisa cha nyumba. Nayaheshimu ya wazee, lakini hili halikuwa la haki, na ni vyema limekwisha.

Ziwani mambo yaligeuka haraka zaidi. Sangara aliletwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Alikula furu, samaki wadogo waliokaushwa kwa moshi na kuuzwa kwa bei ya maskini, mpaka aina nyingi zikatoweka. Sangara akaenda viwandani na Ulaya. Dagaa ndiye aliyebaki kuokoa jiko la kawaida.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 ilileta msiba mkubwa kuliko wote. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wa Kagera. Anna Tibaijuka alichunguza kijiji cha Kagabiro, wilayani Muleba, na mwaka 1997 akachapisha utafiti ulioeleza jinsi vifo na uuguzi vilivyokula nguvu kazi ya mashamba. Nimeeleza kibanja ni nini: ni kazi ya kila siku. Nyumba iliyobaki na bibi na wajukuu haikuweza kubeba nyasi, kutandaza, kupogolea, kuchunga ng'ombe. Migomba ikakonda, na muhogo, usiodai matunzo mengi, ukasogea karibu na nyumba. Ugali ambao zamani ulikuwa chakula cha jela na cha shule za bweni ukawa chakula cha jioni nyumbani. Wengi wanaeleza badiliko hilo kama kupotea kwa utamaduni. Mimi naliona ni makaburi.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Maruku na mradi wa maendeleo ya jamii uliosaidiwa na Ubelgiji walisambaza, kuanzia mwaka 1997, migomba mipya inayostahimili magonjwa: FHIA kutoka Honduras na Yangambi kutoka Kongo. Wazee wengi hawakuikubali ladha yake. Kwao si ndizi za kupikia mgeni. Lakini imejaza matumbo, na historia yote niliyoisimulia inaonyesha kuwa Buhaya haijawahi kufunga mlango kwa mmea mgeni unaofanya kazi.

Kisha ukaja ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Bakteria wake alitambuliwa kwanza Ethiopia miaka ya 1960, akaingia Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 alikuwa amethibitika Muleba. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huoza, shina likikatwa hutoa usaha wa njano. Hakuna dawa. Hubebwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na hubebwa zaidi na panga letu sisi wenyewe, tunapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, na machipukizi tunayopeana kwa wema. Na kwa kuwa ndizi zetu ni za mama mmoja, hakuna aina ya kupika iliyo salama.

Kwa hiyo, wewe mwenye kibanja Bukoba au Muleba, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara mkungu unapokamilika, usitumie kisu. Choma panga kwa moto au lisafishe kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mgomba ulioonyesha dalili ung'oe mara moja, na usichukue chipukizi shamba usilolijua. Na kama kwenu bado kuna aina ambayo jina lake analijua bibi peke yake, liandike jina hilo, upande machipukizi yake mahali pawili tofauti, na umpe jirani moja lililo safi.